Printa yala nusu ya herufi kila asubuhi, ikifika saa tano yapona. Wazee wa nyundo mko wapi?

#1 Kipanga wa Shimanzi
Hamjambo humu. Niko godauni moja hapa Shimanzi, Mombasa, jina naliacha. Tuna printa ya zamani ya kuchapa mstari mzima kwa mpigo, kubwa kama friza ya dukani, yatutolea fomu za nakala nne za mizigo. Kibandiko chake chasema mistari 600 kwa dakika.

Shida ni hii. Kila asubuhi tukiiwasha, kuanzia kama nguzo ya 95 (yaani nafasi ya herufi ya 95 kwenye mstari) kwenda mkono wa kulia, herufi zatoka pungufu. Upande wa kulia wa kila herufi umeliwa. O yawa C, sifuri yawa C, D yabaki kama mabano. Kushoto kwa ukurasa kila kitu safi. Ikifika saa tano hivi yapona yenyewe, hakuna aliyeigusa. Jana karani wa getini amenirudishia fomu akaniuliza hii MCMBASA ni nchi gani.

Nimefungua mlango wa mbele nikachungulia. Herufi zimeinuka juu ya mkanda wa chuma mwembamba uliofungwa duara, kama msumeno wa bendi wa seremala lakini hauna meno. Nyuma ya karatasi kuna safu ya nyundo ndogondogo, 132, kila nguzo na yake. Sasa swali la pili, hili la udadisi tu: mkanda wazunguka, hausimami. Nyundo ikipiga, mbona herufi haiparuzi kwenye karatasi?

#2 Pweza Mkavu
Tupa hiyo, nunua leza. Uzi umeisha.

#3 Bint Kibokoni
@Pweza Mkavu leza yapaka, haigongi. Fomu ya nakala nne yataka kitu kiigonge ili alama ishuke mpaka karatasi ya chini kabisa. Ukiwa na leza utachapa mara nne mbalimbali, halafu uanze kuapa kwamba zote ni kitu kimoja. Nimekaa miaka tisa kwa wakala wa forodha, najua kiapo hicho kilivyo kizito.

@Kipanga karatasi zenu mwaziweka wapi usiku? Mimi nashuku unyevu kabla ya jingine lolote.

#4 Dereva wa Mariakani
Mimi si fundi, ila naona ni wazi mkanda lazima usimame kidogo kila herufi, ni macho yenu tu hayaoni. Kama cherehani, kitambaa hutulia sindano ikishuka.

#5 Mzee Nyundo
Hausimami, mwanangu. Mistari 600 kwa dakika ni mstari mmoja kila sehemu ya kumi ya sekunde. Ndani ya nafasi hiyo herufi zote za alfabeti, na tarakimu, na alama, lazima zipite mbele ya kila nyundo, na karatasi ipande mstari mmoja. Ukisimamisha chuma na kukiwasha tena mara zote hizo, kingekatika kabla ya chai ya saa nne.

Nilikuwa opareta tangu 1974, ofisi moja Kilindini Road, kabla haijaitwa Moi Avenue. Tulikuwa na IBM 1403. Ile haikuwa na mkanda, ilikuwa na mnyororo hasa, wenye herufi 240: seti moja ya alama 48 imerudiwa mara tano. Ulikwenda inchi 90 kwa sekunde, yaani kama mita mbili na robo. Mwendo wa mtu anayekimbilia feri ya Likoni asiachwe.

Kuhusu kuparuza: huparuza, ila kidogo. Nyundo yagonga karatasi kwa nyuma, karatasi yasukumwa kwenye utepe wa wino na herufi, kisha nyundo yaruka kurudi yenyewe. Tuseme wamegusana kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mnyororo utakuwa umesogea milimita 0.23. Jicho lako laona herufi nene kidogo tu upande mmoja. Tuliita kupiga herufi ikiwa mwendoni.

#6 Dereva wa Mariakani
Haya, nimekubali. Cherehani nimeirudisha nyumbani.

#7 Tanga Raha
Wakuu, naongezea kutoka huku Tanga. Sisi tulikuwa na ya ngoma. Ngoma ya chuma imelala, na kuzunguka mwili wake kila nguzo ina alfabeti yake kamili. A zote zimepangwa safu moja kutoka mwisho hadi mwisho, zikifuatiwa na safu ya B, na kuendelea. Ngoma ikizunguka mara moja, kila nyundo imeshapata nafasi ya kuchagua herufi yake, mstari umekamilika. Ni rahisi kuielewa kuliko huo mnyororo.

Ubaya wake: maandishi yalipanda na kushuka kama ngalawa. Neno moja, herufi tatu ziko juu, ya nne imezama. Bosi wetu alikuwa akisema ripoti imelewa.

#8 Mhandisi wa Bara
#7 umegusa jambo zuri. Nyundo zikichelewa kidogo, kosa linafuata njia ya chuma kinakokwenda. Ngoma inazunguka kwa wima, kwa hiyo kosa linakuwa juu au chini, na jicho la mtu ni kali sana kwa mstari usionyooka. Mnyororo na mkanda unakwenda kwa mlalo, kwa hiyo kosa lile lile linakuwa nafasi kati ya herufi, kubwa hapa ndogo pale. Jicho linasamehe. Ndiyo sababu 1403 ilisifiwa hivyo ilipotoka 1964, na ndiyo ya kwanza kufika mistari 600.

#9 Mzee Nyundo
@Mhandisi wa Bara maelezo ya jicho swadakta, miaka umekosea. 1403 ilitoka 1959 pamoja na kompyuta ya 1401. Hiyo 1964 wafikiria kompyuta za System/360. Wala si ya kwanza kufika 600: UNIVAC walikuwa na printa ya ngoma ya mistari 600 tangu 1954. Ilichofanya IBM ni kuifikia kasi hiyo kwa mistari iliyonyooka.

#10 Mhandisi wa Bara
Asante mzee, nimesahihishwa.

#11 Fundi Chumvi
Nimechelewa, nilikuwa na kazi. Karakana yangu iko nyuma ya Mwembe Tayari, printa za kugonga nimezifungua tangu zile za herufi za chuma hadi za vidoti.

Tuache historia kidogo tumsaidie kijana. @Kipanga nijibu matatu. Moja, ukisimama mbele kama wataka kusoma karatasi, mkanda unaopita mbele ya karatasi waenda kulia au kushoto? Mbili, hizo herufi zilizoliwa, zimesogea pia au ziko mahali pake? Tatu, kuna mtu ametia mafuta humo ndani? Sema kweli.

#12 Kipanga wa Shimanzi
1. Waenda kulia.
2. Nimepima kwa rula. Zimesogea kulia, kama unene wa kucha. Kutoka nguzo ya 94 kwenda ya 95 kuna pengo kidogo.
3. Nimeuliza. Kijana wa usafi alisikia yapiga kelele, akaitia mafuta ya cherehani. Mwezi uliopita.

#13 Fundi Chumvi
Nilijua!

Sikilizeni. Uso wa nyundo ni mwembamba, upana wake wakaribia herufi moja. Mkanda ukienda kulia na nyundo ikachelewa, herufi imeshapita kidogo, nyundo yaikuta mkia tu. Upande wa kushoto wapigwa, upande wa kulia umekwisha ponyoka nje ya uso wa nyundo, hauchapwi. Ndiyo O yawa C. Kwa hiyo nyundo za 95 kwenda mbele zachelewa. Hapa hapana mjadala.

Kwa nini zachelewa? Mafuta. Karatasi yamwaga vumbi kama unga, vumbi likakutana na mafuta na hewa yetu ya chumvi, ikawa uji kwenye ekseli za nyundo. Usiku uji waganda, mchana mashine ikipata joto walegea.

#14 Bint Kibokoni
Na kijana wa usafi alitia mafuta kuanzia nguzo ya 95 tu? Kwa rula?

#15 Pweza Mkavu
😂😂 Hapo fundi jibu.

#16 Fundi Chumvi
Mlango wafunguka upande gani? Alipoweza kufika na kopo ndipo alipomimina. Si ajabu hata kidogo.

#17 Kipanga wa Shimanzi
Upande wa kulia ndiko kuna kipenyo, ni kweli. Lakini @Bint Kibokoni naye ana hoja: katoni za karatasi zalala chini ya dirisha, na dirisha liko kulia kwa printa. Alfajiri kuta za huku hulowa.

#18 Bint Kibokoni
Basi. Karatasi iliyolala kwenye unyevu huvimba na kulegea, na nakala nne ni karatasi nne zilizovimba. Nyundo yapiga mto.

#19 Mzee Nyundo
Mamangu, hapo nakukatiza. Karatasi ikiwa nene, safari ya nyundo yawa fupi. Yafika mapema, haichelewi. Ingekuwa hivyo, herufi zingeliwa upande wa kushoto. Ndiyo maana mashine hizi zina kishikio cha unene wa fomu: ukitia nakala nyingi wasogeza mlango nyuma kidogo ili safari ibaki ile ile.

#20 Bint Kibokoni
Babangu, naheshimu 1974 yako, lakini wino hauingii nyundo ikigusa tu. Waingia karatasi ikiisha kubanwa. Karatasi nne zenye hewa na maji katikati lazima zishindiliwe kwanza. Nyundo yagusa mapema, lakini herufi yachapwa kwa kuchelewa. Nenda kaipige godoro ngumi, kisha uipige meza.

#21 Mzee Nyundo
Godoro. Haya, nitalifikiria.

#22 Mtambo wa Changamwe
Mnasahau stima. Shimanzi asubuhi makompresa yote ya vyumba vya baridi huwashwa kwa pamoja, volteji yalala. Nyundo husukumwa na sumaku ya umeme. Koili ikipata volti pungufu, nyundo yaruka pole pole, yachelewa. Saa tano mambo yametulia, printa yapona. Wekeni mita kwenye soketi saa moja asubuhi, msibishane bure.

#23 Tanga Raha
Mkuu, umeme ukipungua si nyundo zote zingechelewa? Kwa nini kuanzia 95?

(Na ni umeme. Stima ni ile meli.)

#24 Mtambo wa Changamwe
Huku meli ni meli na stima ni stima, usituletee Tanga 😂

Kwa nini 95: nyundo huendeshwa na bodi kadhaa, kila bodi na kundi lake la nyundo. Bodi ya mwisho ikiwa na kapasita (kihifadhi umeme) iliyochoka ndiyo itakayoanza kulalamika. Nyingine zavumilia.

#25 Mhandisi wa Bara
Hoja ya makundi ya nyundo inanikumbusha hesabu tamu ya 1403, niruhusuni nipotee kidogo.

Nyundo zilikaa kila inchi 0.1. Lakini herufi kwenye mnyororo zilikaa kila inchi 0.1505, kama moja na nusu. Kwa hiyo herufi ya kwanza ikiwa mbele ya nyundo ya kwanza, herufi ya pili iko katikati ya nyundo, haina kazi. Herufi ya tatu inakaribia nyundo ya nne, imekosa kwa inchi 0.001 tu. Mnyororo ukisogea hiyo elfu moja ya inchi, nayo imelingana. Ukisogea tena, herufi ya tano imelingana na nyundo ya saba. Inchi 0.001 kwa mwendo wa inchi 90 kwa sekunde ni sekunde milioni 11 hivi.

Nilitaka kusema sehemu 11 za milioni za sekunde. Samahani.

Faida yake ni kwamba nyundo hazipigi zote kwa mpigo mmoja. Kompyuta inaulizwa nguzo moja moja, kwa zamu: hapa napiga? hapa je? Kwenye ngoma ukichapa mstari wa vistari kuvuka ukurasa mzima, nyundo zote zinaruka pamoja, na sapulai ya umeme inapata habari.

#26 Dereva wa Mariakani
Sekunde milioni 11 ni miezi minne. Ndiyo kasi ya ofisi ninazozijua.

#27 Mzee Nyundo
@Mhandisi umeieleza vizuri. Tulikuwa na hadithi kwamba ukiandika mstari wenye herufi kwa mpangilio ule ule wa mnyororo, nyundo zafuatana bila kupumua na fyuzi yaruka. Opareta mmoja wa zamu ya usiku aliapa amefanya.

#28 Mhandisi wa Bara
Hadithi hiyo kila ofisi inayo, na kila mara aliyefanya ni mwingine.

#29 Mzee Nyundo
Fyuzi nilibadilisha mimi kwa mikono yangu. Sababu ndiyo sikuiona.

#30 Mama Viazi Karai
Mimi nafuata tu, ila niseme: karatasi zile pana zenye mistari ya kijani na matundu pembeni, marehemu mamangu alifungia viazi karai Tononoka miaka mingi. Zilinyonya mafuta kuliko gazeti. Tulikuwa twasoma mishahara ya watu huku twala.

#31 Mzee Nyundo
Hizo hizo mamangu. Inchi 11 urefu, upana inchi 14 na zaidi, mistari 66 kwa ukurasa. Usiku mmoja sanduku zima lilipaa. Printa ile haikujua ukurasa waanzia wapi. Ilisoma utepe mdogo wa karatasi uliofungwa duara, wenye njia 12, na matundu yametobolewa mahali pa kusimama. Programu ikisema nenda njia ya saba, karatasi yakimbia mpaka tundu la njia ya saba lionekane. Sasa mtu akaweka utepe usio na tundu lolote kwenye njia hiyo. Karatasi ilitoka kama maji ya bomba lililopasuka, yapanda juu, yaangukia kila mahali, na mimi nimesimama nimeshika kikombe cha kahawa. Nilipokumbuka kitufe cha kusimamisha, miguu ilikuwa imezama mpaka magotini.

#32 Pweza Mkavu
Na kikombe ulikiweka juu ya kifuniko, kifuniko kikajifungua chenyewe?

#33 Mzee Nyundo
Hiyo ni 1403 ya aina ya N1, ile ya mistari 1,100. Karatasi ikiisha, kifuniko chake chainuka chenyewe. Sisi yetu ilikuwa ya kuinua kwa mkono. Lakini N1 nimeiona Nairobi, na kifuniko chake kilikuwa na alama ya duara la kahawa.

N1 haikuwa na mnyororo pia. Vipande vya herufi havikuunganishwa, vilisukumana tu ndani ya reli, kama mabehewa yasiyofungwa. Kulikuwa na mafuta maalumu ya reli ile, na ole wako uyasahau.

#34 Fundi Chumvi
Mwaona? Mafuta maalumu. Si ya cherehani.

#35 Kipanga wa Shimanzi
Nimefanya majaribio. Jumamosi nimehamisha katoni moja nikaiweka ndani ya kabati lenye balbu inayowaka usiku kucha. Jumapili nikaja na brashi laini na spiriti, nikasafisha nyundo kuanzia 90 hadi 132 moja moja. Uchafu ulikuwa mweusi, wanata kama asali ya ubuyu. Nyundo ya 101 na ya 117 ukizisukuma kwa kidole zilirudi kwa uvivu.

Leo Jumatatu saa moja na nusu: herufi karibu zote nzima. 101 bado yala kidogo. Getini wamepokea MOMBASA bila maswali.

#36 Fundi Chumvi
Kazi imekwisha. Karibuni Mwembe Tayari.

#37 Bint Kibokoni
Kazi gani? Karatasi umebadilisha Jumamosi, nyundo umesafisha Jumapili. Lipi limeponya?

#38 Mzee Nyundo
Kweli. Hukupaswa kugusa vitu viwili kabla hujachapa. Rudisha karatasi ya dirishani uone.

#39 Mtambo wa Changamwe
Na volteji umepima?

#40 Kipanga wa Shimanzi
Sina mita. Ya kuazima italetwa kesho.

#41 Mstaafu Ganjoni
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyetaja mlango wenyewe. Kwenye mashine za aina hii mkanda hukaa kwenye mlango wa mbele unaofunga na lachi mbili. Lachi ya kulia ikilegea, upande wa kulia wa mlango hukaa mbali zaidi na nyundo. Safari ndefu, kuchelewa, na ni upande mmoja tu wa ukurasa. Yafanana na dalili zote. Asubuhi chuma ni baridi kimejikunja, mchana chapanuka, nafasi yapungua.

Kata kipande cha karatasi, kiweke kati ya mkanda na nyundo kushoto, funga, kivute. Fanya hivyo kulia. Kama kulia chatoka rahisi, umepata.

#42 Mhandisi wa Bara
Jaribio la karatasi nalikubali. Kupanuka silikubali. Chuma cha pua au cha kawaida kinapanuka sehemu 12 hivi za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua upana wa sentimita 40 na tofauti ya nyuzi 8 kati ya alfajiri na saa tano: unapata milimita 0.04, na huo ni kwa upana wote. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa milimita 0.1. Haiwezi kumpa mtu Mcmbasa.

#43 Mstaafu Ganjoni
Hesabu yako yachukulia mlango umenyooka. Mlango uliopinda haujui hesabu yako.

#44 Tanga Raha
Chuma cha pua kinapanuka zaidi ya cha kawaida, mkuu, kama 16 au 17 kwa aina nyingi. Hata hivyo bado ni kidogo.

#45 Mhandisi wa Bara
Kweli, nilivichanganya. Sahihisho la pili ndani ya uzi mmoja, nitaenda kulala.

#46 Kijana Leza
Swali la mgeni: kwa nini hawakutumia tu vidoti kama zile Epson za risiti tangu mwanzo? Hakuna mkanda, hakuna mnyororo, hakuna Mcmbasa.

#47 Fundi Chumvi
Kichwa cha pini 9 chatembea kutoka kushoto hadi kulia kikichora herufi moja baada ya nyingine. Kizuri kwa duka, si kwa mistari 600. Na Epson wenyewe walianza na ngoma: ile EP-101 ya 1968, kijiprinta cha kwenye mashine za hesabu, ilikuwa na kijingoma chenye herufi. Jina Epson lenyewe ni mtoto wa EP. Vidoti vyao vilivyovuma ni MX-80, 1980.

Lakini wazo lako walilifikiria wengine. Printronix, iliyoanzishwa 1974, walipanga nyundo za vidoti safu nzima ya ukurasa, safu yote yatikisika kushoto kulia kidogo, karatasi yapanda kidoti kwa kidoti. Uzuri wake uko kwenye nyundo. Kila nyundo ni springi bapa iliyovutwa nyuma na sumaku ya kudumu, imekaa imejikunja kama upinde. Umeme hauisukumi. Umeme waua nguvu ya sumaku kwa kitambo kidogo mno, springi yaponyoka yenyewe, yagonga, kisha sumaku yaikamata tena. Kila pigo lina nguvu ya springi ile ile. Hata volteji ya Shimanzi ilale, pigo halibadiliki sana.

#48 Mtambo wa Changamwe
Kwa hiyo wakubali ya mkanda pigo labadilika na volteji. Asante.

#49 Fundi Chumvi
Sikusema hivyo.

#50 Mtambo wa Changamwe
Umeandika. Liko #47.

#51 Mama Viazi Karai
Nauliza, zile printa zaweza kupiga muziki? Kakangu alikuwa akisema uongo huo.

#52 Mzee Nyundo
Si uongo. Nyundo zikipiga haraka kwa mpangilio zatoa sauti ya juu au ya chini, na waliokuwa na muda waliandika kadi za nyimbo. Karatasi iliyotoka haikuwa na maana yoyote. Meneja alitupiga marufuku, wino ulikuwa ghali.

#53 Kipanga wa Shimanzi
Ripoti ya leo.

Karatasi ya dirishani nimeirudisha. Saa moja na robo: nguzo ya 95 hadi 100 nzima, 101 yaliwa, 117 yaliwa kidogo, nyingine sawa. Kwa hiyo unyevu si wote, na mafuta si yote.

Jaribio la @Mstaafu Ganjoni: kushoto karatasi yashikwa, kulia yatoka, lakini si rahisi sana. Ni kama yasita.

Mita: saa moja volti 221, saa tano volti 238.

#54 Mtambo wa Changamwe
221!!! Nilisema mimi.

#55 Mhandisi wa Bara
Mashine yenye sapulai nzuri haijali 221.

#56 Mtambo wa Changamwe
Yenye sapulai nzuri. Hii ina umri gani?

#57 Bint Kibokoni
Alfajiri ya leo mvua haikunyesha, @Kipanga. Karatasi ya dirishani leo si karatasi ya dirishani ya wiki jana. Ngoja inyeshe ndipo uhesabu.

#58 Mstaafu Ganjoni
Kaza lachi ya kulia robo mzunguko. Robo tu, usizidishe, utaubana mkanda kwenye karatasi na utepe utachanika. Halafu usiguse kitu kingine siku tatu.

#59 Fundi Chumvi
Na hizo nyundo mbili, 101 na 117, zitoe uniletee nikuoshee. Kama ekseli zimeliwa na kutu utaziona zina vidoa vya kahawia karibu na bawaba. Nina za mashine ya kufa hapa zaweza kuingia. Bei twazungumza.

#60 Pweza Mkavu
Kumbe ndipo tulipokuwa twaelekea.

#61 Kipanga wa Shimanzi
Nimekaza robo. Nyundo mbili nitazileta Alhamisi nikipata ruhusa ya kuizima. Kwa sasa fomu zote za asubuhi tumesogeza safu ya mji kushoto, nguzo ya 60. Getini hawajarudisha hata moja.

#62 Dereva wa Mariakani
Kwa hiyo Mcmbasa imehamia kushoto. Na anayejua mahali pa kupata utepe wa wino wa mashine kama hii aseme, hata aliyetumika, shemeji yangu ana moja Miritini yachapa kijivu.

#63 Fundi Chumvi
Upana wa utepe inchi ngapi, na ni wa kuzunguka kwenye kasha au wa roli mbili?